Maji ya Moto kwa Kadiri ya Nyumba

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya darsa moja ya Alkhamisi, kijana wa Ruangwa alibaki nyuma ya wenzake akanijia na swali. Kijana huyo yu karibu kuoa, naye anamalizia nyumba yake. Akaniambia, "Maalim, nataka kuweka hita ya maji bafuni. Dukani nimeonyeshwa ya lita 30, ya 50, ya 80 na ya 100. Muuza duka asema nichukue kubwa kabisa, maana nyumba ni yangu na watoto watakuja. Nawe wasemaje?" Wenzake waliokuwa wakivaa viatu mlangoni walicheka, kwani walidhani swali la namna hiyo haliulizwi kwa mwalimu wa chuo, bali kwa fundi.

Mimi sikucheka. Nilimwambia anipe muda, nimjibu katika ukurasa huu, ili jibu lake liwafae na wengine. Sababu ya kutocheka ni kwamba jambo hili mimi mwenyewe liliwahi kunishinda, na aliyelipa gharama ya kosa langu hakuwa mimi.

MAJI YA MOTO NI KATIKA MAMBO YA DINI

Wako watu wasemao kwamba maji ya moto ni anasa ya watu wa mjini, na kwamba nchi yetu ni ya joto. Msemaji huyo hajapata kuamka alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai katika Nachingwea au Ruangwa, wakati upepo wa kusi unapovuma na maji ya pipa lililolala nje yanapokata vidole. Kijana mwenye damu ya moto huyastahimili. Lakini mzee wa miaka sabini, mwenye kifua, mama aliyejifungua juzi na mtoto mchanga, hao hawasemi ni anasa.

Ni kweli tumefundishwa kwamba kuutimiza udhu wakati wa taabu ni katika matendo yafutayo makosa na kuinua daraja. Lakini wanavyuoni wametubainishia kwamba thawabu hiyo ni ya aliyefikwa na taabu akavumilia, wala si ya mwenye kuitafuta taabu ilhali njia ya wepesi iko mbele yake. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alitawadha kwa maji ya moto. Na nani katika sisi aliye mkakamavu kuliko Umar?

Tena tazameni mlango wa tayammamu. Amr bin Al-As alipokuwa safarini katika vita vya Dhatus-Salasil, usiku wa baridi kali, alipatwa na janaba, akachelea nafsi yake, akatayammamu na kuwaswalisha wenzake. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoelezwa sababu yake alicheka na hakumlaumu. Lakini mafakihi wakaweka sharti: ruhusa ya kutayammamu kwa ajili ya baridi ni ya mwenye kuogopa madhara na asiyepata cha kuyapashia maji. Mwenye jiko, kuni na sufuria hana udhuru huo. Basi mwaona kwamba chombo cha kupashia maji nyumbani kinaingia moja kwa moja katika mlango wa tohara. Kikiwapo na kikafaa, Sala ya Alfajiri huswaliwa kwa utulivu. Kikikosekana, au kikawa hakilingani na nyumba, hapo ndipo wengine huchelewa, wengine huugua, na wengine hujitafutia visingizio.

PIPA LANGU

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na watu wanane nyumbani kwangu, akiwamo mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa amekwisha pindukia miaka sabini. Tulikuwa tukipasha maji kwa sufuria la ugali, nalo halikutosha, na kila alfajiri palikuwa na manung'uniko. Nikasema moyoni, "Dawa ya kidogo ni kikubwa." Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, akanikatia pipa la mafuta nusu kwa nusu, akalisafisha na kulitia mikono miwili ya kubebea. Lilikuwa likichukua lita 100 za maji. Nikalipandisha juu ya mafiga makubwa nyuma ya nyumba, na kwa kweli nilijiona nimefanya kazi ya mwanamume.

Mke wangu alilitazama akaniambia, "Maalim, hili ni la hitima." Nami nikamjibu kwamba yeye hapendi maendeleo.

Alfajiri ya kwanza tuliwasha moto kiasi cha dakika arobaini na tano kabla ya adhana, kama tulivyozoea kwa sufuria. Kuni zilikuwa na umande. Moshi ulijaa uani, moto ukawaka na kufifia, na muadhini akaadhini. Nikatia mkono pipani, maji yalikuwa yamepoteza ubaridi wake tu, hayakuwa ya moto wala ya uvuguvugu. Nikaongeza kuni. Nilipogeuka nilimwona mama yangu, aliyekuwa amekaa kizingitini akingoja muda wote huo, ameinama juu ya ndoo ya maji ya baridi, anatawadha, na mikono yake inatetemeka. Nikasema, "Mama, ngoja kidogo." Akanijibu bila ya hasira, "Mwanangu, mimi nahitaji birika moja tu."

Neno hilo ndilo asili ya makala haya. Nilikuwa nimepasha maji ya mji mzima, na aliyekuwa akiyahitaji hakupata hata kiasi cha birika moja. Saa mbili asubuhi, ndipo pipa lilipochemka, kila mtu alikuwa amekwenda shuleni na shambani. Maji yale yalipoa bure, na mzigo wa kuni uliokusudiwa kupikia siku mbili ulikuwa majivu. Mama alikohoa wiki nzima, na mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto wa watu mlango wa kuwatendea wema wazazi, nilikosa pa kuficha uso wangu.

HESABU YA KATA

Kosa langu lilikuwa kununua bila ya kuhesabu. Baadaye kijana niliyemsomesha juzuu ya Amma, ambaye sasa ni mwalimu wa sayansi, alinifundisha hesabu moja nyepesi, nami nawapa kama nilivyopewa.

Chukua kata moja ya maji yanayochemka, uichanganye na kata tatu za maji ya baridi ya alfajiri. Utapata kata nne za maji ya kuogea, yenye joto la kiasi cha digrii 40, ambalo ni joto la kuupendeza mwili bila ya kuuchoma. Sababu yake ni kwamba maji yachemkayo yana digrii karibu 100, na tukikadiria yale ya baridi kuwa na digrii 20, mchanganyiko wa moja kwa tatu huangukia digrii 40. Kwa hiyo nyumba haihitaji kuchemsha maji yote itakayoyatumia. Yahitaji kuchemsha robo yake.

Sasa tuihesabu nyumba ya watu wanane. Swali la kwanza ni watu wangapi wanahitaji maji ya moto kwa wakati mmoja, si watu wangapi wanaishi humo. Watoto wanaweza kuoga alasiri, wakati jua limekwisha pasha ua. Alfajiri, wote wanane wanahitaji udhu, na tuseme wawili wanahitaji kuoga. Kwa udhu tumpe kila mtu lita moja, na kwa kuoga tumpe kila mmoja nusu ndoo, yaani lita 10. Jumla ni lita 8 na lita 20, ndizo lita 28. Robo ya 28 ni 7. Basi nyumba ya watu wanane, katika saa yake ya haja kubwa kabisa, yahitaji lita 7 tu za maji yanayochemka. Sufuria la lita 10 lenye mfuniko lilitosha, na mimi nilikuwa nimetengeneza pipa la lita 100.

Wala msidhani kwamba lita moja ya udhu ni uchoyo. Katika Hadithi iliyo sahihi, aliyoipokea Anas, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na akioga kwa swaa moja mpaka mudi tano. Mudi ndiyo kibaba, kadiri ya viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojazwa, nayo haifiki lita moja. Swaa ndiyo pishi, vibaba vinne. Huo ndio udhu wa mbora wa viumbe, na huko ndiko kuoga kwake. Sisi tukimpa mtu lita moja ya kutawadhia na lita kumi za kuogea, tumekwisha mzidishia. Anayefungua bomba na kuliacha limwagike tangu kusukutua mpaka kuosha miguu, huyo hana haja ya hita kubwa zaidi. Ana haja ya kurudia somo la udhu.

Tazameni pia upande wa kuni. Kuzichemsha lita 7 juu ya mafiga matatu kwataka yapata kilo moja na robo ya kuni kavu. Kulichemsha pipa la lita 100 kwataka kilo kama 17. Kwa mkaa katika jiko la bati la kawaida, lita 7 hula kiasi cha gramu 400. Kwa gesi ni kama gramu 95, na kwa birika la umeme hazifiki uniti moja. Hesabu hizi hubadilika kwa upepo, kwa unyevu wa kuni na kwa kuwapo au kutokuwapo mfuniko, lakini mwaona umbali ulioko baina ya nyumba yenye kipimo na nyumba isiyo nacho. Na kuni hizo hazianguki kutoka mbinguni. Ni miti ya miyombo ya misitu yetu, na aghalabu ni kichwa cha mama au binti kilichoibeba.

Kwa haki nitaje jambo moja, ili asije mwanafunzi wa sayansi akanikosoa. Joto linalohitajika kuchemsha lita 7 kisha kuzichanganya na 21 za baridi, ni sawa na joto la kuzipasha lita zote 28 mpaka digrii 40. Hasara ya pipa haikuwa katika namna ya kupasha. Ilikuwa katika maji ya ziada yaliyopashwa bila ya kuwa na mtumiaji. Faida ya sufuria dogo ni kwamba huwahi, hubebeka, na halimlazimishi mtu kupasha asichokihitaji.

KIDOGO MNO NACHO NI KOSA

Baada ya aibu ya pipa, msije mkakimbilia upande wa pili. Namjua jirani mmoja mwenye nyumba ya watu kumi na mmoja, aliyenunua birika la umeme la lita moja na nusu akasema limemtosha. Lilimtosha yeye. Baba alitawadha kwa maji ya moto, mtoto wa kiume wa kwanza akafuatia, na mama wa nyumba ambaye ndiye aliyeamka wa kwanza, pamoja na mkwe wake aliyekuwa na mtoto mchanga, wakabakiwa na maji ya baridi kila siku. Pakazuka maneno, na maneno yakaingia mpaka katika ndoa ya kijana wake. Chombo kilikuwa kidogo kwa nyumba ile, na kilipokuwa kidogo kikadhihirisha nani anafikiriwa na nani hafikiriwi.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake kwamba wanapotumia mali hawapiti mpaka wala hawabani, bali husimama kati ya hayo mawili. Aya hiyo tumezoea kuisoma kwa ajili ya fedha. Nami nasema iko pia katika sufuria, katika jiko na katika hita. Kikubwa mno ni israfu, kidogo mno ni ubahili, na aliye baina yake ndiye aliyesifiwa.

Kwa hiyo anayetaka kununua chombo, na ahesabu hivi. Kwanza, ahesabu watu wa saa ile ya haja, si watu wa nyumba nzima. Pili, aanze na wanyonge: mzee, mgonjwa, mzazi na mtoto, kisha ndipo wenye nguvu. Tatu, ajumlishe lita za maji ya uvuguvugu, achukue robo yake kuwa maji ya kuchemsha. Nne, aongeze kidogo kwa ajili ya mgeni mmoja au wawili, kwani nyumba ya Mwislamu haikosi mgeni. Basi aishie hapo.

HITA ZA UMEME NA ZA JUA

Sasa nimrudie kijana wangu wa Ruangwa. Hita ya tangi haichemshi maji, bali huyapasha mpaka digrii kama 60, kisha mtu huyachanganya na ya baridi. Lita moja ya maji ya digrii 60 ikichanganywa na lita moja ya digrii 20, hupatikana lita mbili za digrii 40. Basi tangi la lita 50 hutoa yapata lita 100 za kuogea, yaani nusu ndoo kumi. Kwa bwana na bibi harusi, tangi la lita 30 hutoa nusu ndoo sita, nalo lawatosha na kubaki, muda wa kuwa wanaoga kwa ndoo na kata. Watakapozaliwa watoto na wazazi wakaja kukaa nao, lita 50 zitawafaa. Ya lita 100 ni ya nyumba ya wageni.

Tena tangi kubwa hula umeme hata lisipotumiwa, kwani joto lake huvuja usiku kucha na hita hujiwasha kulirudisha. Kulipasha tangi la lita 50 kutoka digrii 20 mpaka 60 ni kama uniti mbili na theluthi. La lita 100 ni mara mbili ya hizo. Basi kijana aliwashe kabla ya kuamka, kisha alizime. Ama ile hita ndogo ya kufungwa juu ya bomba, ipashayo maji yanapopita, hiyo haina tangi, lakini huvuta umeme mwingi kwa mara moja. Ya wati 5,000 huvuta yapata ampea 22, na soketi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Atakayeiunga katika waya mwembamba wa taa ataunguza waya, na huenda akaunguza nyumba. Yataka waya wake mnene, swichi yake peke yake na waya wa ardhini, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni.

Aliniuliza pia khabari ya hita za jua, ambazo huwekwa juu ya paa. Alikuwa na wasiwasi, kwa kuwa katika matni ya Abu Shujaa, ambayo vijana wetu huisoma, maji yaliyopashwa na jua yametajwa kuwa ni tohara na yanatoharisha lakini yamekirihishwa. Jibu ni kwamba wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameifunga karaha hiyo kwa masharti: kwamba maji yawe katika chombo cha madini kama chuma au shaba, katika nchi ya joto, na yatumiwe mwilini yangali na moto wake. Yakipoa, karaha huondoka. Na Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu hayo, aliiangalia dalili akachagua kwamba hapana karaha. Basi mwenye kujiepusha kwa uangalifu wake asilaumiwe, na mwenye kutumia asilaumiwe, na udhu wa wote wawili ni sahihi.

Ndugu zetu waliohamia Uingereza wana mtihani huu kwa sura nyingine. Huko boila moja hupasha maji na vyumba vyote wakati wa baridi, na mafundi wao hulalamika kwamba watu wengi wamefungiwa boila kubwa kuliko nyumba zao, hata ikawa boila hujiwasha na kujizima kila mara, ikala gesi na kuchakaa mapema. Kosa ni lile lile la pipa langu, ila limevaa koti.

Hata ardhi yetu hii ina ukumbusho wa ukubwa usiopimwa. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza iliuanza Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea, kwa nia ya kulima zaidi ya ekari milioni tatu. Walileta matrekta na wakajenga reli kabla ya kuupima vyema udongo na mvua. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea mamilioni ya pauni, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ikiwa dola yenye wataalamu inaweza kuanza na ukubwa kabla ya kipimo, mwenye nyumba asijione yu salama.

HADHARI TATU

La kwanza, katika beseni au ndoo ya kuogea tia maji ya baridi kwanza, kisha ya moto. Mtoto akitumbukiza mkono kabla hujamaliza, atakuta baridi, hatakuta moto. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni laini zaidi.

La pili, usimtume mtoto kubeba sufuria la maji yanayochemka kutoka jikoni mpaka bafuni. Mtu mzima apeleke ndoo ya baridi bafuni, kisha achukue ya moto kwa birika lenye mfuniko.

La tatu, jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa ili kupasha chumba au maji ya mgonjwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na wengi wamelala nayo wasiamke.

KIKUBWA NI CHA KUAZIMANA

Mtu atauliza, "Na siku ya hitima? Na siku ya Maulidi? Na siku arobaini za mzazi, anapokandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni?" Hili ndilo swali lililonipeleka mimi kwenye pipa, na jawabu lake nimelikuta katika sura fupi ambayo watoto wangu wa chuo huihifadhi kabla ya kujua kuandika. Sura ya Al-Maun imewaonya wenye kuswali ilhali wameghafilika na Sala zao, wenye kujionyesha, kisha ikamalizia na wenye kuzuia vyombo vidogo vya kusaidiana. Wafasiri, na miongoni mwao sahaba Ibn Masud, wamevitaja vyombo hivyo kuwa ni kama chungu, ndoo na shoka, vile watu wavipeanavyo baina yao.

Tafakarini hekima hii. Penye majirani wanaoazimana, kila nyumba yaweza kuwa na chombo cha kadiri yake, na mtaa mzima ukatosheka na vikubwa viwili vitatu. Penye uchoyo wa kuazimana, kila nyumba hulazimika kununua kikubwa kwa ajili ya siku mbili katika mwaka, na kukilisha kuni siku zote mia tatu na zaidi zilizobaki. Kwa hiyo ukubwa wa masufuria yetu ni kipimo cha ujirani wetu pia.

Pipa langu nililipeleka msikitini. Huko ndiko liliko mpaka leo, na limekwisha chemshia maji na uji katika hitima nyingi, ikiwamo ya mama yangu mwenyewe. Mke wangu aliponiona nalisukuma njiani, alisema, "Sasa limefika kwao." Nyumbani tukanunua sufuria la lita 10 na birika moja. Katika miaka miwili iliyofuata, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya uhai wa mama, birika lile lilikuwa la kwanza kuteremshwa kila alfajiri, na nilikuwa nikimpelekea mimi kwa mkono wangu.

Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilitoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa kufikia mwaka 2034, ili asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo badala ya kuni na mkaa. Ni jambo jema, na tuliunge mkono kila mwenye uwezo. Lakini mtungi wa gesi hautamfaa asiyejua kupima, kama vile kuni hazikunifaa mimi. Nishati ikibadilika na tabia ya israfu ikabaki, tumebadilisha majivu tu.

Basi, kijana wangu wa Ruangwa, jibu lako ni hili: lita 30 kwa leo, na mahali pa kuweka 50 pawe tayari ukutani. Fedha iliyobaki ninunulie birika moja jema, umpelekee mama yako kabla ya mwezi wa Juni. Usingoje nyumba ikamilike.

Mwenyezi Mungu atujaalie kati na kati katika matumizi yetu, atupe nguvu ya kuwahudumia wazee wetu wangali hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahit tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.